Thuluthi Iliyokatwa

Mwaka 1881 kampuni ya bima ya Prudential, yenye makao yake mjini Newark katika jimbo la New Jersey, Marekani, iliamua kwamba mteja mweusi ataendelea kulipa ada ileile anayolipa mteja mweupe, ila siku akifariki familia yake itapewa fidia pungufu kwa thuluthi moja. Ada haikuguswa. Kilichokatwa ni kile kinacholipwa baada ya mwenye hati kuingia kaburini, wakati yeye mwenyewe hawezi tena kuuliza. Kampuni nyingine kubwa, Metropolitan Life, ikafuata njia hiyohiyo.

Bima hiyo haikuwa ya matajiri. Iliitwa bima ya viwandani kwa sababu ililenga vibarua na familia zao. Wakala alipita nyumba kwa nyumba kila wiki, akichukua senti tatu hapa na senti tano pale, akitia alama kwenye kitabu cha mteja. Aliyelipa alikuwa na shabaha moja kubwa: akifa azikwe kwa heshima, asifukiwe kwenye makaburi ya mafukara kwa gharama ya manispaa. Msomaji wa Tanga au Mombasa ambaye amewahi kuchangia chama cha kufa na kuzikana hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Ukimpunja mtu hapo umempunja sanda.

Nimeanza na uamuzi ule kwa sababu leo kila kampuni ya bima yenye jina ina ukurasa wa maadili yake. Inasema inathamini watu wa kila rangi, jinsia, dini na umri. Inaweka picha za wafanyakazi waliochanganyika vizuri. Inaeleza historia yake kuanzia mwanzilishi hadi jengo jipya. Sina ugomvi na picha hizo, na ninaamini wengi wanaoandika kurasa hizo wanamaanisha wanachosema. Lakini maadili ya kampuni ya bima yana mahali pake pa kusomwa, napo ni kwenye jedwali la ada na daftari la fidia. Nani alikubaliwa, kwa bei gani, na nani alilipwa alipodai. Biashara hii huweka tarakimu kwenye uhai wa mtu, na tarakimu hiyo husema wazi jinsi kampuni inavyomwona mtu huyo.

Huko Marekani tarakimu hizo zilianza vibaya. Kampuni ya Nautilus, iliyoanza New York mwaka 1845 na ambayo baadaye ilichukua jina la New York Life, iliuza zaidi ya hati 500 za bima ya maisha ya watumwa kabla ya wadhamini wake kuamua mwaka 1848 kuiacha biashara hiyo. Aetna ya mjini Hartford, jimbo la Connecticut, iliandika hati za aina hiyo katika miaka ya 1850. Mtumwa alipokodishwa kwenda kwenye mgodi wa makaa ya mawe au kwenye boti ya mvuke, bwana wake alikata bima, na mtumwa akifa fidia ilikwenda kwa bwana. Mjane hakupata kitu. Watoto hawakupata kitu. Mara nyingi wao wenyewe walihesabiwa katika mali za yuleyule aliyelipwa.

Kwa hiyo sekta ya bima ilipokuja kudai, miaka thelathini baadaye, kwamba maisha ya mtu mweusi ni hatari mno kukatiwa bima kwa bei ya kawaida, ilikuwa imeshasahau kwamba iliwahi kuyakatia bima maisha hayo bila taabu yalipokuwa mali ya mtu mwingine.

Wapo waliokataa. Katika bunge la jimbo la Massachusetts, mjumbe mweusi aliyeitwa Julius Chappelle alipeleka muswada wa kuzuia kampuni za bima ya maisha zisiwabague wateja kwa rangi, na mwaka 1884 ukawa sheria. Kampuni zilijitetea kwa takwimu: weusi hufa mapema, basi haki ni walipwe kidogo. Waliounga mkono muswada walijibu kwamba takwimu hizo zilikuwa kumbukumbu ya utumwa na ufukara, na kwamba watu waliotoka utumwani majuzi hawawezi kupangiwa kesho yao kwa jedwali la jana. Majimbo mengine, yakiwemo Connecticut, Ohio, New York na New Jersey, yakapitisha sheria za namna hiyo katika miaka kumi iliyofuata.

Kilichotokea baada ya hapo kila mtunga sheria wa bima anapaswa kukifahamu. Kampuni hazikuvunja sheria. Ziliacha tu kuwatafuta wateja weusi. Sheria ilisema ukimkubali mteja usimpunje. Haikusema lazima umbishie hodi. Wakala akaelewa kwamba mtaa fulani hauna faida kwake, kwamba fomu za mtaa ule hazitamletea kamisheni, na mlango ukafungwa bila mtu yeyote kuandika neno «marufuku». Ubaguzi ulihama kutoka kwenye jedwali la fidia ukaenda kwenye njia za mawakala, ambako ni vigumu zaidi kuuona.

Kisha ubaguzi huo ukavishwa joho la sayansi. Mwaka 1894 Prudential ilimwajiri mtakwimu mzaliwa wa Ujerumani, Frederick Hoffman. Miaka miwili baadaye, mwaka uleule ambao Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha utengano wa rangi katika kesi ya Plessy, Hoffman alichapisha kitabu kinene kuhusu kile alichokiita tabia na mielekeo ya mtu mweusi wa Marekani. Alijaza kurasa zaidi ya 300 kwa majedwali ya vifo, kifua kikuu, vipimo vya mapafu na uhalifu, akahitimisha kwamba chanzo cha vifo vile ni asili ya watu wenyewe, wala si hali wanamoishi, na kwamba jamii hiyo inaelekea kutoweka. Kampuni za bima zikapata kile zilichokuwa zikikitafuta: hoja ya kitaalamu ya kutofanya biashara na watu weusi.

Hoffman hakuwa mvivu wala mjinga, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika habari zake. Huyuhuyu baadaye alifanya kazi kubwa ya kuonyesha jinsi vumbi la viwandani linavyoua wafanyakazi, akaandika mapema kuhusu hatari ya kazi za asbesto, na mwaka 1913 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupambana na saratani nchini humo. Alipomtazama mfanyakazi wa kiwandani aliona vumbi. Alipomtazama mtu mweusi katika chumba kisicho na dirisha, kwenye mtaa usio na maji safi, aliona rangi. Macho yaleyale, hesabu ileile, majibu mawili.

Msomi mweusi W. E. B. Du Bois, aliyekuwa kijana bado, alimjibu mwaka 1897 kwa silaha yake mwenyewe. Alionyesha kwamba miji kama Naples, Budapest na Madrid ilikuwa na viwango vya vifo vinavyolingana na vya weusi wa mijini Marekani, au kuvipita, na hakuna aliyesema watu wa miji ile wanatoweka duniani. Mwaka huohuo Kelly Miller wa Chuo Kikuu cha Howard alichambua kitabu kile sura kwa sura. Hoja zao zilikuwa nzito na zilichapishwa hadharani. Jedwali la ada halikubadilika. Ukweli uliothibitishwa katika jarida la wasomi haumfikii karani wa bima mpaka kuwe na mtu mwenye uwezo wa kumlazimisha, au mpaka mtu mwingine afungue duka ng'ambo ya barabara.

Duka hilo lilifunguliwa Durham, North Carolina. Mji ule uliishi kwa tumbaku, na familia ya Duke ndiyo iliyotajirika kwayo. Kinyozi wao alikuwa John Merrick, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1859, ambaye kwa wembe na akili alikuja kumiliki maduka kadhaa ya kinyozi mjini, mengine ya wateja weupe na mengine ya weusi. Inasimuliwa kwamba watu walikuwa wakiingia kwenye duka lake na kofia mkononi, wakiomba mchango wa kumzika jirani. Merrick alikuwa tayari na uzoefu wa jumuiya ya kusaidiana iliyolipa wanachama wake wanapofiwa. Mwezi Oktoba 1898 yeye, Dk. Aaron Moore, ambaye ndiye daktari wa kwanza mweusi wa Durham, na wenzao watano walikutana na kuanzisha kampuni iliyokuja kuitwa North Carolina Mutual.

Tarehe hiyo isipitwe haraka. Wiki chache tu baadaye, tarehe 10 Novemba 1898, katika mji wa Wilmington wa jimbo hilohilo, wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa, wakaichoma ofisi ya gazeti la weusi, wakaua watu mitaani na kuwafukuza wengine mjini. Katika majira kama hayo ndipo watu saba waliamua kuwauzia majirani zao ahadi ya miaka mingi mbele. Bima ya maisha ni ahadi kwamba kesho ipo na kwamba atakayeishika hati yako atakuwepo kuilipa. Kuitoa ahadi hiyo Durham mwaka ule kulihitaji moyo ambao sijui niupime kwa kipimo gani.

Kampuni ilifungua milango Aprili 1899, na nusura ife mapema. Dai la kwanza la kifo lilikuwa la dola 40, na sanduku la kampuni halikuwa na fedha hizo. Merrick na Moore walitoa mifukoni mwao, dai likalipwa. Kati ya yote yaliyoandikwa kuhusu historia ya bima, hilo dai la dola 40 ndilo ningependa kila mkurugenzi wa kampuni ya bima alijue kwa moyo. Waanzilishi wengine walijitoa. Waliobaki wangeweza kusema kampuni imeshindwa, poleni. Walilipa, kisha mawakala wakaichukua risiti ile wakaizungusha makanisani na mashambani kuonyesha kwamba hii ni kampuni inayolipa.

Mpwa wa Dk. Moore, Charles Clinton Spaulding, alikuwa akisimamia duka la vyakula alipoitwa kuiendesha kampuni. Yeye mwenyewe alizoea kusimulia kwamba asubuhi alifagia ofisi, kisha akageuka wakala, kisha akavaa koti akawa meneja mkuu. Alikuwa rais wa kampuni kuanzia 1923 hadi alipofariki mwaka 1952, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa biashara kubwa kabisa za watu weusi nchini. Mwaka 1921 ilimaliza jengo la ghorofa sita katika barabara ya Parrish, barabara ileile ilipokuwa benki ya Mechanics and Farmers, ambayo baadhi ya watu walewale walishiriki kuianzisha. Du Bois na Booker T. Washington, viongozi wawili weusi ambao hawakukubaliana kwa mengi, wote wawili walifika Durham na kuisifu.

Tazama pia waliokuwa ndani ya jengo lile. Wasichana weusi waliomaliza shule wakiwa na ujuzi wa kupiga taipu na kutunza hesabu hawakuwa na ofisi ya kuwaajiri katika miji ya kusini. Nafasi waliyotengewa ilikuwa ya jikoni na dobi katika nyumba za wazungu. Katika barabara ya Parrish walikaa mezani. Walitunza vitabu, waliandika barua, walihesabu fedha za majimbo kadhaa. Tunapozungumza kuhusu ujumuishaji kazini tunapenda kuanza na sera za miaka ya karibuni, lakini watu wale walikuwa na mshahara na meza miongo mingi kabla ya sera yoyote.

Kuna jambo moja kuhusu North Carolina Mutual ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Kampuni ambayo wateja wake wote ni weusi haiwezi kutumia rangi kueleza vifo. Rangi ni moja kwa kila mteja. Haimtofautishi anayeishi miaka themanini na anayekufa akiwa na thelathini. Basi ikabidi kampuni itazame yale ambayo Hoffman hakutaka kuyatazama: kifua kikuu, maji, nyumba, kazi, umbali wa hospitali. Dk. Moore alikuwa ameshasaidia kuanzisha hospitali ya Lincoln mjini hapo mwaka 1901. Katika miaka ya 1920 daktari wa kampuni, Clyde Donnell, aliyesomea udaktari Harvard, aliongoza idara maalumu ya kurefusha maisha ya wateja, iliyosambaza mafunzo ya afya kupitia mawakala. Fikiria maana yake kibiashara. Prudential ilipoona vifo vingi ilipunguza fidia, kisha ikaondoka. Durham ilipoona vifo vingi ilikwenda kupunguza vifo.

Wala hawakuwa watu wa huruma isiyojua hesabu. Asa Spaulding, wa ukoo uleule, alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Michigan, akamaliza 1932 na kuwa mtakwimu bima wa kwanza mweusi wa Marekani. Aliporudi Durham alikaza masharti, akapitia biashara zilizokuwa zinaila kampuni, akahakikisha ada zinatosha kulipa madai. Mwaka 1959 akawa rais wa kampuni. Ninamtaja kwa sababu wapo wanaosema ukitaka bima ya wote utaua bima, kwamba haki na hesabu haziwezi kukaa meza moja. Asa Spaulding alikaa kwenye meza hiyo miaka zaidi ya thelathini.

Sipuuzi hoja ya hesabu. Mtu anayeendesha pikipiki ya abiria usiku ana uwezekano mkubwa wa kuumia kuliko mwalimu anayekwenda kazini kwa miguu, na kampuni isiyolijua hilo itafilisika na kuwaacha wote wawili bila kitu. Bima lazima ipime hatari. Swali ni inapima nini. Ikipima kazi, inapima kitu ambacho mtu anaweza kukibadilisha au mwajiri anaweza kukifanya salama. Ikipima kabila, rangi au mtaa wa kuzaliwa, inapima dhuluma ambayo mtu ametendewa, kisha inamtoza kwa kutendewa. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata jinsia isitumike kupanga ada tofauti, ingawa takwimu zinaonyesha wazi kwamba wanawake huishi zaidi na vijana wa kiume hupata ajali nyingi zaidi za magari. Uamuzi huo bado unabishaniwa na watakwimu wengi. Mimi nauona wa haki, kwa sababu jamii ina haki ya kuamua kwamba gharama fulani zibebwe na wote hata kama hesabu ingeweza kuzigawa.

Turudi Marekani, kwa kuwa thuluthi ile iliyokatwa haikuishia karne ya 19. Katika karne ya 20 kampuni nyingi zilirudi kwa wateja weusi na hati ndogo za mazishi, zikiwatoza ada kubwa zaidi au kuwauzia hati duni kuliko za wazungu. Mauzo ya namna hiyo yalikoma katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini hati zenyewe hazikufutwa. Wazee waliendelea kulipa. Ilipofika mwaka 2000, wakaguzi wa majimbo walikuta watu ambao bado wanatozwa ada ya rangi iliyopangwa kabla ya Martin Luther King kuuawa, na baadhi yao walikuwa wameshalipa mara kadhaa zaidi ya fidia ambayo familia ingepata. Mwaka huo American General ilikubali kulipa dola milioni 206 kumaliza mashauri ya aina hiyo. Mwaka 2002 MetLife, ambayo ni ileile Metropolitan Life, ilikubali mapatano ya hadi dola milioni 160 kwa hati zilizouzwa tangu mwanzo wa karne hadi 1972.

Ina maana kwamba miaka ya 1980 na 1990, wakati kampuni za sekta hii zilikuwa tayari na maofisa wa usawa kazini na matangazo yenye familia za rangi zote, kompyuta zilikuwa zikikata ada ya rangi kila mwezi. Sidhani kwamba waliokuwa wakiandika matangazo walijua. Hakuna aliyefungua faili. Ubaguzi uliokwisha kuingizwa kwenye mfumo hauhitaji mbaguzi ili uendelee; unahitaji tu watu wasiouliza.

Na kila mara ukweli ulipotoka, uliulizwa kutoka nje. Aetna iliomba radhi mwezi Machi 2000 kwa hati za watumwa, baada ya Deadria Farmer-Paellmann, mwanaharakati aliyesomea sheria, kuzifuatilia hati hizo na kuidai kampuni majibu. Mwaka huohuo California ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni za bima zinazofanya biashara katika jimbo hilo zipekue kumbukumbu zao na kukabidhi majina, na mwaka 2002 orodha ya watumwa waliokatiwa bima na mabwana waliolipwa ikawekwa wazi kwa wananchi. Soko la Lloyd's la London liliomba radhi Juni 2020 kwa nafasi yake katika bima ya biashara ya watumwa, wakati maandamano baada ya kuuawa kwa George Floyd yalikuwa yametanda duniani. Kati ya hayo matatu, lenye thamani kubwa zaidi kwangu ni orodha ya California. Msamaha una maneno ya kampuni. Orodha ina majina ya watu, na mjukuu anaweza kulitafuta la babu yake.

North Carolina Mutual yenyewe haipo tena. Mwaka 1966 ilihamia kwenye mnara wa ghorofa kumi na mbili uliozinduliwa na Makamu wa Rais Hubert Humphrey, na ilionekana iko kileleni. Lakini utengano ulipovunjwa, kampuni kubwa zilianza kuajiri mawakala weusi na kuwafuata wateja weusi wenye kipato, zilezile zilizowakimbia miongo minane nyuma. Mwishoni mwa 2018 kampuni ya Durham iliwekwa chini ya usimamizi wa kamishna wa bima wa jimbo, na hatimaye ikaamriwa ifilisiwe. Yapo makosa ya uendeshaji na uwekezaji katika anguko hilo, sitayaficha. Hata hivyo kuna swali ambalo sisi tunaopigania ujumuishaji hatulijibu vizuri: je, kujumuishwa maana yake ni mteja kuhamia kwenye kampuni kubwa, huku taasisi iliyomlinda alipokataliwa ikiachwa ife? Kwangu mimi jibu lingejumuisha kampuni kubwa kugawana hatari na kampuni ile kwa bima mtawanyo, kuingia nayo ubia, kuiheshimu kama mwenzake. Haikuwa hivyo kwa kiasi cha kutosha.

Huku kwetu historia ni nyingine, ila maswali yanafanana. Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937 na watu wa jumuiya ya Ismailia kwa msukumo wa kiongozi wao wa dini, Aga Khan wa tatu, ikachukua jina kutokana na jubilei yake ya dhahabu. Jumuiya ndogo chini ya dola ya kikoloni ilijijengea chombo chake, na kampuni hiyo leo inahudumia Waafrika Mashariki wa kila asili. Tanzania ilichagua njia ya taifa: baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 Shirika la Bima la Taifa likawa la umma, na likabaki peke yake sokoni hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mali ikawa ya wote. Wenye hati, kwa sehemu kubwa, walibaki kuwa waajiriwa na wafanyabiashara wa mijini.

Jaribio kubwa kwa kanda hii lilikuwa UKIMWI. Watu wenye virusi waliambiwa, kwa takwimu, yale ambayo weusi wa Marekani waliambiwa mwaka 1884: hesabu haiwaruhusu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU ilizuia mtu kulazimishwa kupima au kutaja hali yake ili tu apate mkopo au bima, ikazitaka kampuni ziweke kiwango cha kuridhisha cha bima ambacho chini yake mwombaji haulizwi. Dawa zilipofika, jedwali la zamani likawa si kweli. Mgonjwa anayemeza dawa zake kila siku anaishi, anafanya kazi, anasomesha. Afrika Kusini kampuni ya AllLife ilijenga biashara nzima kwa kuwakatia bima ya maisha watu wenye virusi, kwa sharti la kufuatilia matibabu yao. Ni mbinu ya Durham: ukiona vifo vingi, saidia kuvipunguza, kisha uza bima.

Tanzania nayo ilipata funzo lake karibuni. Mwezi Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kusajili watoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, kwa maelezo kwamba wengi waliojiunga walikuwa watoto wagonjwa tayari na gharama zilizidi michango. Hesabu ilikuwa sahihi. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu hakupata faraja yoyote katika usahihi huo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka huohuo inaelekea kwenye dawa ya kweli, ambayo ni kuwaingiza wote, wazima na wagonjwa, ili mzigo ugawanyike. Itapimwa kwa utekelezaji, hasa kwa mama lishe na mkulima wasio na mwajiri wa kuwakata.

Hivi sasa bima ndogondogo zinauzwa kwa simu Dar es Salaam, Nairobi na Mwanza, na programu ndiyo inayoamua nani akubaliwe na kwa ada gani. Programu haiulizi kabila. Inaweza kutazama mtaa unakoishi, aina ya simu, saa unazotuma fedha, na kutokana na hayo ikakisia mengi ambayo sheria inakataza kuuliza. Njia ya wakala aliyeacha kuingia mtaa fulani imehamia ndani ya kompyuta. Mlemavu wa macho anayeshindwa kujaza fomu kwenye skrini, mzee asiye na kitambulisho kipya, mjane ambaye dai lake limekataliwa kwa sababu jina la marehemu limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye hati mbili, hawa hawaonekani kwenye ripoti ya mwaka.

Wanaweza kuonekana. Kila kampuni inajua ni maombi mangapi imeyakataa na ni madai mangapi haikuyalipa, na inaweza kuyapanga kwa jinsia, umri, ulemavu na wilaya bila kutaja jina la mtu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania na ile ya Kenya zina uwezo wa kuzidai takwimu hizo na kuzichapisha kila mwaka, kampuni kwa kampuni. Zianze na madai ya mazishi na bima za simu, ambako fedha ni ndogo na mlalamikaji hana wakili.